Nyota Tatu za Fundi wa Breki

Somo yangu Mwanaidi,

Wewe mtoto huna haya. Wiki tatu! Kutoka Magomeni hadi hapa Kariakoo hata mimi mwenye goti bovu nafika kwa miguu, nikipumzika mara mbili njiani. Wewe miguu yako mizima, umeshindwa. Wiki tatu nasikia hodi ya kila mtu mlangoni, yako sijaisikia. Halafu leo asubuhi unaniletea ujumbe kwenye simu: kesho naondoka na basi la alfajiri, naenda Songea, nimepata kazi ya kuandika mizigo kwenye ghala la mahindi, nisamehe sikuja kuaga, yale maboksi chini ya kitanda chako wape akina mama wa karanga wafungie karanga zao. Ndiyo kuaga huko? Na shikamoo umeiweka mwisho kabisa, kama mtu aliyeikumbuka akiwa ameshafika barazani.

Marahaba. Nimeitikia kwa sababu nimekulea mwenyewe tangu una miaka mitatu, mama yako alipokwenda kuolewa Tunduru, na kwa sababu jina ulilonalo ni langu. Ungekuwa mtu baki nisingeitikia.

Anayeshika kalamu ni Mwalimu Tekla, mpangaji wetu wa chumba cha uani, yule Mchaga mstaafu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinioshee maneno, nikikosea aache hivyo hivyo. Hapa ananiambia, "Bi Mwanaidi, tangu umeanza hujapumua, nukta niweke wapi?" Nimemjibu aweke anapopenda, ndiye aliyezisomea.

Mambo ya sweta na ya chakula sikwambii. Una miaka ishirini na sita, ukisikia baridi utajifunika. Nataka kukwambia habari ya kitabu chako, na habari ya ubaya niliokufanyia, maana siku ile tuligombana ukaondoka kabla sijajua kama nimekosa. Mimi ni mzito wa kujua kama nimekosa. Hilo unalijua.

Na maboksi sikuyatoa. Mama Karanga alipita, akayaona, akaniuliza kama ni karatasi za bure, nikamwambia akiyagusa namkata mkono.

Nianze na siku ulipoyaleta. Ulikuja na bajaji kutoka kule Gerezani walikokuchapia, umekaa juu ya maboksi kama unaogopa yataruka. Ukafungua moja, ukanipa kitabu. Kilikuwa bado kina joto la mashine, au labda ni jua la njiani, sijui, lakini mimi nilikishika kikiwa na joto nikasema moyoni, hiki kimetoka kwenye kichwa cha huyu mtoto niliyekuwa nampangusa kamasi. Nilikigeuza na kukigeuza. Nimeona watu wakileta mtoto mjini, nimeona watu wakileta gari, nyumba, mke wa pili. Mtu kuleta kitabu sikuwahi kuona. Nilikaa nacho mapajani mpaka korosho zikaungua jikoni, nawe ukacheka, "Bibi, unaunguza mtaji!"

Nilikiweka kabatini, juu ya vikombe vya wageni. Nikawa nawaonyesha watu. Kukisoma siwezi. Kuomba nisomewe sikuomba. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, lakini wakati ule nililiona ni mapenzi.

Miezi miwili ikapita. Ukawa unakuja, unakaa kwenye kigoda changu pale barazani kwa Mangi wa vitenge, unaangalia simu, unaiweka, unaiangalia tena. Nikakuuliza, "Somo, nani huyo hapigi?" Ukasema, "Si mtu, Bibi. Nasubiri maoni. Kitabu kipo kwenye ule mtandao wa vitabu, watu wananunua mmoja mmoja, lakini hakuna anayesema neno. Na mtu akikuta kitabu hakina neno la mtu, anapita."

"Maoni ni nini?"

Ukanieleza kwa lugha yangu. Ukasema, "Si unajua mgeni akifika hapa mtaani, kabla hajanunua korosho kwako anamuuliza Mangi, za huyu bibi vipi? Na Mangi anajibu. Sasa mimi sina Mangi." Ukanionyesha na zile nyota, moja mpaka tano, tano ndiyo sifa ya juu.

Basi mimi nikajiona nimepata kazi ninayoiweza. Nikasema huyu mtoto amesoma mpaka amesahau alikozaliwa. Watu wa kusema neno? Mimi nimecheza ngoma za mabinti wa mji huu zaidi ya miaka thelathini! Nani nimekwenda kwake mikono mitupu? Nimetunza doti za kanga, nimetunza vyombo, nimecheza mpaka goti likafa. Na ada yetu unaijua: niliyekuja kwako, nawe utakuja kwangu, na utatunza ulivyotunzwa. Wewe harusi umekataa mpaka leo. Nikasema kumbe ngoma yake ndiyo hii.

Ijumaa ile nikavaa kanga zangu za sare, nikawakuta akina mama wa chama chetu nyuma ya Mnazi Mmoja wakipanga shughuli ya binti wa mwenyekiti. Nikasimama katikati. "Jamani, mjukuu wangu amejifungua kitabu! Leo hatutaki kanga wala sufuria. Leo mnatunza nyota. Tano tano! Atakayetoa nne nitamjua."

Wakapiga vigelegele. Simu zikatoka mikobani. Asiyejua kuandika akaandikiwa na binti yake. Mpaka alasiri walikuwa wametunza ishirini na watatu, nami nikarudi nyumbani kichwa juu, nikachemsha chai, nikakusubiri uje unibusu mikono.

Ukaja. Hukuvua hata viatu. Ukasimama pale mlangoni ukaanza kunisomea walivyoandika. "Hongera sana, Mungu ampe mume mwema." "Nyota tano kwa mjukuu wa Bi Mwanaidi wa korosho, hatuna deni." "Kitabu kitamu mno, nimecheka mpaka mbavu zimeniuma." Hapo ukaishusha simu. Ukasema, "Bibi, kitabu changu kinahusu mwanamke anayeosha maiti. Nani amecheka?"

Mimi sikujua. Wallahi sikujua kama ni cha mwosha maiti. Nilinyamaza, na nikinyamaza watu hudhani nina kiburi, kumbe wakati mwingine ni aibu.

Ukaendelea kunieleza. Mtu mmoja asiyetujua alikuwa ameandika chini yao: hawa wote hawajasoma, mwandishi ametembeza bakuli kwa ndugu zake. Na wenye mtandao wakafuta yote. Mle ndani yalikuwemo matatu ya kweli, ya watu waliosoma, yaliyokuwa yameingia wiki ile ile. Nayo yakafutwa. Ukasema, "Matatu, Bibi. Miezi miwili nimeyasubiri hayo matatu." Ukasema nimekuvua nguo sokoni.

Na mimi badala ya kusema pole nikasema nini? Unakumbuka. Nikasema, "Kama kitabu chako ni kizuri, mbona kinasubiri watu watatu?" Neno hilo, Somo, nimelitafuna wiki tatu halishuki.

Ulipoondoka nilikuwa bado na hasira, nabwata peke yangu uani, nimefanya wema nimelipwa matusi. Mwalimu Tekla alikuwa anafua. Akakamua nguo yake, akaianika, akanigeukia. "Bi Mwanaidi, nikuulize. Wewe mwenyewe kitabu hicho umekisikia?"

"Nitakisikiaje nami sikusoma?"

"Mimi nimesoma. Nakaa hatua saba kutoka mlangoni kwako. Umewahi kuniambia Tekla njoo nisomee?"

Nilienda kukaa kitandani, maboksi yako chini yangu, na nikakumbuka jambo ambalo sijapata kukuhadithia.

Nilipokuja Dar kutoka Lindi nilikuwa na umri kama wako. Nilianza na korosho, na nilianza na ujanja. Kila mtu sokoni alikuwa nao, nami nikaona ndiyo biashara yenyewe. Nzima nyeupe naziweka juu ya sinia, zilizovunjika na za msimu uliopita naziweka chini, na ya kuonja nampa mteja kutoka juu. Nilikuwa najisifu, hakuna anayeonja kwangu akapita. Ni kweli, hawakupita. Lakini hawakurudi, na kwa kuwa mji huu watu ni wengi sikugundua. Kila siku nilikuwa na wateja wapya, nikadhani ndiyo baraka.

Siku moja akaja muuza vitenge mmoja, baba yake Mangi huyu wa sasa, marehemu. Alikuwa amenunua kwangu za kupelekea ukweni kwake Moshi. Hakunigombeza. Alikaa kwenye baraza lake, akatoa korosho moja mfukoni, akaiweka kwenye kiganja changu. "Kula, mama." Nikala. Ilikuwa chungu, imeoza mafuta. Akasema, "Tafuna yote, usiteme. Wakwe zangu hawakutema, kwa heshima yangu." Akaingia dukani kwake.

Toka siku ile sinia langu ni moja juu na chini. Na baada ya mwaka ndiye aliyeniambia nihamishie jiko langu barazani kwake, na kila mgeni akimuuliza za huyu mama vipi, alikuwa anajibu, "Za leo nzuri. Za juzi zilikuwa na chumvi nyingi." Mimi nilikuwa nachukia hilo la chumvi. Kumbe ndilo lililokuwa linaniuzia. Mtu akisikia chumvi ya juzi inatajwa, anajua ya leo si ya kupangwa.

Basi nilikuwa nalijua jambo hili kwenye korosho miaka yote hii, na kwenye kitabu chako nikapanga nzima juu. Nimewaonjesha watu sifa za kitu ambacho mimi mwenyewe sijakitia mdomoni. Kosa lile lile, na safari hii nimelifanya kwa mtoto wangu.

Kesho yake nikamwambia Mwalimu, "Njoo na miwani yako."

Alinisomea barazani, baada ya alasiri, pale wateja wanapopungua. Mimi nachoma, yeye anasoma. Siku ya kwanza nilikuwa nasikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, nataka nijue tu wapi mjukuu wangu amekosea. Mwanamke wako anaishi Magomeni, watu wanamwita akifiwa mtu, na msiba ukiisha hawampi mkono. Sawa. Nawajua watu kama hao.

Siku ya tatu tukafika pale anapofariki jirani yake, yule aliyemtukana miaka yote mbele za watu. Wanamwita aje amwoshe. Anaingia chumbani, anafunga mlango, wenzake wanadhani atamfanyia kisasi maiti yule. Naye anachukua birika, anapasha maji moto. Anayajaribu kwa kiwiko kama maji ya mtoto mchanga. Anamwambia marehemu, "Geuka kidogo, dada. Si baridi."

Mwanaidi. Niliacha kijiko.

Mdogo wangu Hadija alipofariki kule Lindi nilimwosha mimi. Ilikuwa mwezi wa joto, maji ya kisimani yenyewe yalikuwa vuguvugu. Nami niliyapasha. Niliyajaribu kwa kiwiko. Sikumwambia mtu, maana wangenicheka, maiti hasikii baridi. Mama yako sijamwambia. Babu yako sikumwambia. Wewe hukuwa umezaliwa. Umelitoa wapi, Somo? Nani alikwambia? Nilimwambia Mwalimu arudie, akarudia. Nikamwambia arudie tena. Mara ya tatu hakusoma, alivua miwani akaifuta.

Mimi ni mzee, nimeona mengi, kunishangaza si rahisi. Lakini nilikaa pale kwa Mangi, magari ya mizigo yanapiga honi, watu wanapita na marobota vichwani, nami nikahisi mwili wote umenisisimka. Karatasi. Karatasi na wino. Na ndani yake mimi nimo, nimefunga mlango, nina birika mkononi.

Basi watu wakaanza kusogea. Unajua mtaa wetu, watu wawili wakitulia, wa tatu anauliza kuna nini. Mangi akawa anapunguza redio yake. Siku ya nne akaja Selemani, yule fundi wa breki wa Gerezani anayenunua korosho kila akifunga kazi. Alisimama tu achukue pakiti yake. Akasimama mpaka jua likazama. Kesho yake alikuja mapema, mikono bado ina grisi, akauliza, "Nyie, huyo bi mkubwa amefika wapi? Mmeendelea bila mimi?"

"Tumeendelea kidogo," Mwalimu akamwambia.

"Rudisheni nyuma. Hamna adabu."

Wakawa wanabishana, Somo, laiti ungewasikia! Mangi anasema mwosha alikosea kumficha binti yake kazi anayoifanya. Selemani anasema, "We Mangi, ungemwambia mwanao mama naosha maiti, akaenda shule na hilo jina?" Mangi anasema, "Mbona wangu anajua nauza vitenge feki na anakwenda shule?" Tukacheka mpaka mteja akadhani tunamcheka yeye. Watu wazima, wana kodi za pango vichwani mwao, wanagombana juu ya mwanamke ambaye hayupo. Uliyemtunga wewe. Kwangu hilo ni jambo la kutisha, na sisemi kutisha kwa ubaya.

Tulipomaliza, Selemani akaniambia, "Bibi, nipe kimoja, nampelekea mke wangu." Nikampa. Na hapo nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie nyota tano, Mwalimu akanikanyaga mguu. Akamwambia yeye, kwa upole tu, "Selemani, na kama una dakika, andika ulivyokiona. Kizuri au kibaya. Mtu mwingine ajue kama ni chake au si chake." Akamwonyesha pa kuandikia. Akaandika pale pale, amesimama, kwa kidole kimoja, grisi kwenye kioo cha simu.

Akatoa nyota tatu.

Nilitaka kumrushia kijiko. "Tatu? Umekaa barazani kwangu siku sita, umekula korosho za kuonja pakiti nzima, tatu?"

"Bibi, usinune. Mwisho umekimbia. Yule mama alikuwa na neno la kumwambia binti yake pale stendi, na mwandishi amemziba mdomo. Mimi nimelisubiri hilo neno, sijalipata. Lakini hii breki inashika, bibi. Nisingenunua kama haishiki."

Na ndivyo alivyoandika: mimi ni fundi wa breki, si msomaji wa vitabu, nimesomewa barazani siku sita, mwisho umekimbia, nimemnunulia mke wangu.

Sikulala vizuri kwa zile nyota tatu. Nilijua zimekuua. Lakini siku mbili baadaye Mwalimu akaja mbio na simu. Kuna mtu Tanga ameandika: kama fundi wa breki amesimama siku sita kusikiliza, na mimi nimenunua. Halafu mwingine, nyota mbili, anasema majina ni mengi amechanganyikiwa. Huyo namsamehe, labda alikuwa na njaa. Halafu akaja muuguzi wa Bukoba.

Mwalimu ananiambia nipumzike kidogo, mkono unamuuma. Nimempa chai. Tunaendelea.

Muuguzi wa Bukoba aliandika hivi, nimemfanya Mwalimu anisomee mpaka nimekariri: "Ninafanya kazi wodini. Mgonjwa akifariki mikononi mwangu, kabla ya kumsafisha mimi hupasha maji. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani."

Nilidhani ni mimi peke yangu. Somo, tuko wawili! Mmoja Bukoba, ziwani huko, sijawahi kufika, dini yake siijui, sura yake siijui. Mwingine mimi hapa Kariakoo. Miaka yote kila mtu na birika lake na aibu yake. Na wewe umekaa katikati yetu, kwenye chumba chako cha Magomeni chenye feni mbovu, hutujui, ukatuandika. Mungu ana kazi zake, na nyingine amewapa watoto wasiokuja kusalimia.

Sasa maoni yamefika saba. Yote ya watu waliosoma. Najua hujayaona, maana Mwalimu anasema hujaingia tena kwenye ule mtandao tangu siku ile, kimebaki kitabu tu. Nilikupigia mara nne hukupokea. Mwalimu alitaka kukutumia, nikamkataza, nikasema haya atayasikia akiwa amekaa mbele yangu. Kiburi changu tena. Ningemwachia akatuma, labda kesho usingeondoka na moyo ulivyo.

Kuna jambo tumefanya bila ruhusa yako, nalisema kabisa. Wiki hii tumeyafungua maboksi. Mwalimu ameandika vikaratasi kwa mkono wake, mimi nikapika gundi ya unga wa muhogo, tukabandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kila kitabu, pale hadithi inapokatika. Kimeandikwa: umefika mwisho, asante, mwandishi anajichapishia mwenyewe, hana mtu wa kumtangaza, kama una neno, liseme, hata kama hukukipenda. Na chini pa kulisemea. Maana Mwalimu alisema kitu cha akili: mtu akimaliza kula ndipo anapofungua moyo, ukimfuata kesho ameshapata njaa nyingine. Nami nalijua hilo. Mteja namuuliza akiwa bado anatafuna. Kwa kuwa sijui kikaratasi juu ni wapi, alinitilia nukta ya wino juu ya kila kimoja. Nimebandika vyote, hakuna kilichopinduka. Mwalimu amekagua.

Vitano nimevipeleka kwa akina mama wanaoosha maiti kule Magomeni. Bure, bila sharti. Nilikwenda na goti langu. Nikawaambia mjukuu wangu ameandika juu ya kazi yenu, someni muone kama amesema kweli, mkiona amewasingizia mwambieni, mkiona hamna la kusema nyamazeni, hatudaiani. Lile la mwisho lilinitoka kwa shida, maana mimi kupeleka kitu bila kutazamia kurudishiwa ndiyo kwanza najifunza. Mmoja alikishika akauliza, "Sisi? Nani ameandika juu yetu?" Akakifunga kwenye ncha ya kanga yake. Wenyewe wanaokijua kitu ndio wa kuonjeshwa, Somo. Mpita njia akionja anasema tamu kwa adabu, anapita zake.

Na akina mama wa chama nimewarudia, wale ishirini na watatu. Nimesimama tena katikati, nikawaambia nimekosa, niliwatuma kusema uongo, na mjukuu wangu ndiye aliyeaibika. Mwenyekiti akasema, "Bi Mwanaidi, kwani sisi tulijua? Tulidhani ni harusi ya kisasa." Wamekubali wasomewe. Si nyota, kusomewa tu. Jumatano Mwalimu anaanza nao.

Sasa wewe. Nenda Songea. Kazi ni kazi, kuandika mahindi si aibu, mimi nimechoma korosho maisha yangu yote. Sikuzuii. Lakini hilo ulilomwandikia Mwalimu leo kwenye simu, kwamba kuandika basi, umezika, hilo silikubali, na silikatai kwa amri. Nalikataa kwa sababu yaliyokukatisha tamaa ni makelele yangu, hayakuwa ya msomaji hata mmoja. Usiache kwa kosa langu. Ukitaka kuacha, acha kwa lako.

Nisamehe, Somo. Nimelisema. Mwalimu ameandika? Ameandika. Nisamehe kwa zile nyota, na kwa lile neno la mlangoni, na zaidi kwa kukaa na kitabu chako miezi miwili juu ya vikombe bila kuuliza kuna nani ndani.

Selemani ana haki juu ya ule mwisho. Nami ningependa kujua yule mama alitaka kusema nini pale stendi. Sikwambii urekebishe, sijui kazi yako. Nakwambia tu kuna fundi mmoja Gerezani anasubiri, na bibi mmoja.

Kesho stendi siji, nitalia mbele za makondakta; barua atakuletea Mwalimu. Ukirudi Idd, usiniletee mahindi wala maharage ya Songea, hapa sokoni yapo. Niletee ulichoandika, hata kama ni ukurasa mmoja na umefutwa futwa. Uje mchana, ukae barazani, usome mwenyewe kwa sauti yako, na ukae umenipa kisogo. Ukinitazama usoni nitatabasamu tu, kwa sababu ni wewe. Soma mpaka mwisho, ndipo ugeuke uniulize.

Ni mimi bibi yako,
Mwanaidi